Namba 1.77 na kizio kilichokosekana

Lita 7,682.

Hicho ndicho kiasi cha mafuta kilichokuwamo kwenye matangi ya Boeing 767 ya Air Canada ilipokuwa imeegeshwa Montreal, tarehe 23 Julai 1983. Mtambo wa kupimia mafuta ulikuwa umekufa, kwa hiyo ikabidi wapime kwa vijiti vilivyo chini ya mabawa. Safari ya kwenda Edmonton kupitia Ottawa ilihitaji kilo 22,300. Vijiti vinatoa lita, ndege inahesabiwa kwa kilo, na katikati inatakiwa namba moja tu ya kuunganisha. Karatasi ya mafuta ilikuwa na namba hiyo: 1.77.

Hesabu ikapigwa:

7,682 × 1.77 = 13,597
22,300 − 13,597 = 8,703
8,703 ÷ 1.77 = 4,916

Lita 4,916 zikaongezwa, ndege ikaruka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji.

Chukua kikokotoo uzirudie. Hakuna mstari hata mmoja uliokosewa.

Yaliyofuata wengi wanayajua: mafuta yaliisha ndege ikiwa kama futi 41,000 juu, injini zote mbili zikazimika, rubani Bob Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal wakaiteremsha bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 wakatoka hai. Kisa hiki husimuliwa kila mara mwalimu anapotaka kuonyesha umuhimu wa uchanganuzi wa dimensheni, yaani kukagua kama kila upande wa hesabu ni kitu cha aina moja. "Mngekagua dimensheni," huambiwa wanafunzi, "kosa lingeonekana."

Sentensi hiyo imenikera kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu si kweli.

## Mtihani uliofaulu

Kagua mwenyewe. Namba 1.77 ni densiti. Densiti ni masi kwa ujazo. Lita ni ujazo. Ukizidisha ujazo kwa masi-kwa-ujazo, unabaki na masi. Mafuta yanayotakiwa ni masi. Masi kutoa masi ni masi. Gawanya kwa densiti, unarudi kwenye ujazo, na ujazo ndio unaopimwa na mashine ya kujazia.

Dimensheni zimekaa sawasawa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Haya, tuchukue kisa cha pili, ambacho nacho hakikosekani kwenye masomo haya: chombo cha Mars Climate Orbiter cha NASA, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999. Programu ya duniani ilikuwa ikitoa faili lenye msukumo wa injini ndogo za chombo, kwa kani-ratili mara sekunde. Waliokuwa wakikokotoa njia ya chombo walilisoma kama niutoni mara sekunde. Kani ya ratili moja ni niutoni 4.45, kwa hiyo kila msukumo ulihesabiwa kuwa mdogo mara 4.45 kuliko ulivyokuwa. Kila kosa lilikuwa dogo, lakini safari ilichukua miezi tisa. Badala ya kupita kilometa 226 juu ya Mirihi, chombo kilipita kama kilometa 57 juu yake, ndani ya hewa ya sayari.

Kani mara muda huku, kani mara muda kule.

Hapa pia dimensheni zilifaulu mtihani. Mifano miwili mashuhuri kuliko yote katika somo la uchanganuzi wa dimensheni ni mifano ambayo uchanganuzi huo, peke yake, usingeigundua.

## Aina ya kitu na kijiti cha kupimia

Tunachanganya mambo mawili kwa sababu yote mawili huandikwa pembeni ya namba. Dimensheni inaeleza *aina* ya kitu: masi, urefu, muda, au mchanganyiko wake. Maxwell alizoea kuziandika M, L na T, na tumemfuata hadi leo. Kizio, au yuniti kama wengi tunavyosema, kinaeleza *kijiti* ulichopimia. Futi, meta na maili ni vijiti vitatu vya aina moja, L.

Kukagua dimensheni ni kuuliza: pande mbili za mlinganyo ni kitu cha aina moja? Swali hili hunasa fomula mbovu. Mtu akisahau kipeo cha pili kwenye nishati ya mwendo na kuandika ½mv, dimensheni zitamkataa papo hapo: M·L/T si nishati, nishati ni M·L²/T².

Kukagua vizio ni kuuliza: vijiti vinafanana? Swali hili hunasa namba mbovu ndani ya fomula nzuri. Gimli na Mirihi ziko hapa.

Ukiwa na swali la kwanza tu, una mlango wenye komeo juu na nafasi chini.

## Kuzidisha hukubali, kutoa hukataa

Sasa iandike ile hesabu ya Montreal upya, safari hii kila namba na kizio chake:

7,682 L × 1.77 lb/L = 13,597 lb
22,300 kg − 13,597 lb = ?

Kalamu inasimama hapo. Namba 1.77 ilikuwa ratili kwa lita, kijiti cha zamani. Ndege yenyewe ilikuwa mpya na ilihesabiwa kwa kilo, na densiti ya mafuta yale kwa kilo ni 0.803 kwa lita.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu hulipita haraka. Mstari wa kwanza hauna kosa hata ukiwa na vizio. Kuzidisha hakukatai chochote: unaweza kuzidisha ratili kwa sekunde kwa lita, utapata kitu cha ajabu lakini halali. Kujumlisha na kutoa ndiko kunakokataa. Kwa hiyo ukiwa na muda mchache wa kukagua hesabu ndefu, nenda moja kwa moja kwenye alama za + na −, na kwenye alama ya =. Hapo ndipo vizio hulazimika kukutana uso kwa uso.

Tumalizie hesabu:

13,597 lb × 0.4536 kg/lb = 6,168 kg
22,300 kg − 6,168 kg = 16,132 kg
16,132 kg ÷ 0.803 kg/L = lita 20,090 hivi

Zilitakiwa lita zaidi ya elfu ishirini. Zilitiwa 4,916.

Jambo la pili. Ndege ilipofika Ottawa, mafuta yalipimwa tena na hesabu ikafanywa tena. Kwa namba ile ile, 1.77. Kurudia kuzidisha kunagundua kosa la kuzidisha, basi. Hakuna aliyekosea kuzidisha.

Kipo kipimo kingine ambacho hakihitaji hata karatasi. Lita moja ya maji ina kilo moja. Mafuta ya taa huelea juu ya maji, na mafuta ya ndege za jeti ni ndugu yake. Kitu kinachoelea hakiwezi kuwa na kilo 1.77 kwa lita. Namba za nanga kama hii ya maji zinafaa kukaa kichwani: maji kilo 1 kwa lita, hewa kama kilo 1.2 kwa meta ya ujazo, chuma karibu kilo 7.9 kwa lita. Huzihitaji ziwe sahihi sana. Kazi yake ni kukushtua.

## Mnyororo wa moja

Njia ya kubadili vizio ambayo haihitaji kukumbuka "hapa nazidisha au nagawanya?" ni moja tu: zidisha kwa sehemu yenye thamani ya moja.

Inchi 1 ni sentimeta 2.54 kamili, kwa makubaliano ya mwaka 1959. Basi 2.54 cm juu ya 1 in ni moja. Na 1 in juu ya 2.54 cm ni moja pia. Unachagua ile inayoweka kizio usichokitaka upande wa pili wa mstari, ili kikatane. Vizio ndivyo vinavyokuambia uzidishe au ugawanye.

Tuijaribu kwenye kitu kinachokosewa kila siku, shinikizo la matairi: psi kwenda paskali. Psi ni kani-ratili kwa inchi ya mraba.

1 lbf/in² × (4.448 N / 1 lbf) × (1 in / 0.0254 m)² = ?

Tazama kile kipeo cha pili nje ya mabano. Inchi imeandikwa *mraba*, kwa hiyo sehemu ya moja lazima itumike mara mbili. 0.0254 × 0.0254 ni 0.00064516. Gawanya 4.448 kwa hiyo, unapata karibu 6,895 N/m², yaani paskali 6,895.

Ukisahau kipeo, unapata 175. Lakini ukiwa umeandika vizio, 175 yako imebaki na N/(in·m), na ile inchi iliyosalia inakutazama. Mwenye kuandika namba tupu hana kinachomtazama.

Kosa hilo hilo ndilo linalowafanya watu waseme meta moja ya ujazo ina sentimeta za ujazo 100. Ni 100 × 100 × 100, milioni moja.

Tahadhari ndogo kabla hatujaendelea: kubadili vizio hakuongezi usahihi. Mtu aliyesema "kama maili mia" hakusema kilometa 160.93. Alisema kama 160.

## Dripu

Kwenye wodi ndiko mnyororo huu unakolipa zaidi. Daktari ameandika dawa ya dopamini, mikrogramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa kila dakika. Mgonjwa ana kilo 70. Mfuko una miligramu 400 ndani ya mililita 250. Mashine ya dripu inataka mililita kwa saa.

Namba nne na vizio sita. Wengine hukariri fomula, lakini fomula ya kukariri hubadilika mfuko ukibadilika. Mnyororo haubadiliki:

5 µg/(kg·dk) × 70 kg × 60 dk/saa × 1 mg/1,000 µg × 250 mL/400 mg

Kata kilo na kilo. Kata dakika na dakika. Kata mikrogramu, kata miligramu. Kilichobaki ni mL/saa, na namba ni 13.1.

Sasa geuza sehemu ya mwisho kimakosa, weka 400 juu na 250 chini. Namba inakuwa 33.6, ambayo haishtui mtu. Mashine itaikubali bila neno. Vizio, hata hivyo, vinakuwa mg² kwa mL kwa saa. Miligramu ya mraba haipo duniani. Dozi ya mara mbili na nusu imesimamishwa na kiherufi kimoja.

Lakini mnyororo unalinda kuanzia pale ulipoanza kuandika, si kabla. Alama ya µ iliyoandikwa kwa haraka ikasomwa kama m ni kosa la mara elfu moja, na vizio vitakatana vizuri kabisa hadi mwisho. Ndiyo maana miongozo ya usalama wa dawa hushauri kuandika mcg badala ya µg.

## Pale mnyororo unapokatika

Mnyororo wa moja unafanya kazi kwenye vizio vyenye sifuri moja. Sifuri ya meta na sifuri ya futi ni mahali pamoja: hakuna urefu. Sifuri ya Selsiasi na ya Farenhaiti ni mahali tofauti, na hapo kuzidisha peke yake hakutoshi.

Halijoto ya 2 °C ni 35.6 °F. *Ongezeko* la 2 °C ni ongezeko la 3.6 °F. Zote mbili huandikwa "2 °C", dimensheni ni moja, kizio kimoja, majibu mawili. Tafsiri za habari za tabianchi huangukia humu: dunia inaongezeka joto kwa digrii mbili, mwandishi anafungua kibadilishi cha mtandaoni, na msomaji wa Farenhaiti anaambiwa dunia itaongezeka joto kwa digrii 35.6. Kibadilishi hakikukosea. Hakikuulizwa kama ni mahali au ni tofauti.

Shinikizo lina ugonjwa huo huo. Geji ya tairi husoma sifuri tairi likiwa limepasuka, ingawa hewa inayotuzunguka ina kilopaskali 101 hivi. Geji ikisema 220, shinikizo kamili ni karibu 321. Weka 220 kwenye kanuni ya gesi upate jibu la hovyo lenye vizio visafi. Kanuni za gesi zinataka kelvini na shinikizo kamili, kwa sababu zinafanya uwiano, na uwiano unadai sifuri ya kweli. Kutoka 20 °C hadi 40 °C joto halikuongezeka maradufu. Kutoka kelvini 293 hadi 313 ni ongezeko la asilimia 7 hivi.

## Namba zilizomeza vizio

Kila fomula yenye namba ya ajabu isiyoelezwa, ishuku.

Uwiano wa uzito na kimo, ule BMI, ni kilo kugawanya kwa meta za mraba. Kwa ratili na inchi, unaambiwa uzidishe kwa 703. Ni nini hiyo 703? Gawanya 0.4536 kwa mraba wa 0.0254. Utapata 703. Si kitu kingine ila ratili na inchi zilizomezwa, na anayeitumia kwa sentimeta hatapata onyo lolote.

Ile 3.6 ya kilometa kwa saa ni hivyo hivyo: sekunde 3,600 juu ya meta 1,000.

Wahandisi wa maji wana mfano mzuri zaidi. Fomula ya Manning ya mwendo wa maji kwenye mfereji huandikwa na 1 mbele kwa wanaotumia meta, na 1.49 kwa wanaotumia futi. Wanafunzi hudhani 1.49 ilipimwa maabara. Ni kipeuo cha tatu cha 3.28, idadi ya futi ndani ya meta. Fomula za aina hii, zilizotokana na vipimo vya uwanjani na si nadharia, hazivuki mpaka wa vizio bila kuandikwa upya. Ukikuta fomula yenye namba ya ajabu mbele, tafuta kwanza vijiti vya aliyeiandika.

## Kile dimensheni inachofanya peke yake

Baada ya kuisema vibaya hivyo, ni haki niioneshe ikiwa kwenye uwanja wake. Dimensheni haikuumbwa kuwa karani wa kubadili futi. Kazi yake kubwa ni kukisia fomula ambayo bado huna.

Chukua mlipuko wa Trinity, jaribio la kwanza la bomu la nyuklia, New Mexico, 16 Julai 1945. Picha zilizotolewa baadaye zilikuwa na muda na skeli. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alichapisha mwaka 1950 hesabu ya nishati ya mlipuko kutokana na picha hizo. Alikuwa na nadharia kamili nyuma yake, ila kiini chake kinaonekana kwa dimensheni tu.

Nusu kipenyo R cha tufe la moto kinategemea nini? Nishati E, densiti ya hewa ρ, muda t. Andika kila kimoja:

R: L
E: M·L²/T²
ρ: M/L³
t: T

Tunataka kuvizidisha E, ρ na t kwa vipeo fulani hadi tubaki na L peke yake. Masi lazima ife: iko kwenye E na kwenye ρ, kwa hiyo E igawanywe kwa ρ. E/ρ ni L⁵/T². Muda lazima ufe: zidisha kwa t². Inabaki L⁵. Chukua kipeuo cha tano.

R = C × (E·t²/ρ)^(1/5), au E = ρ·R⁵/t² kama C, namba tupu isiyo na dimensheni, ni karibu na moja.

Kwenye picha ya milisekunde 25, R ilikuwa kama meta 140. R⁵ ni 5.4 × 10¹⁰. Gawanya kwa 0.025², zidisha kwa 1.2. Unapata jouli 10¹⁴ hivi, sawa na kilotani 25 za TNT. Kwa mistari minne na picha moja.

Inapendeza kiasi cha kulewesha, na ndiyo maana inafaa kutazama palipofichwa bahati.

Bahati ya kwanza ni C. Dimensheni haiwezi kuijua. Kwa mlipuko hewani Taylor aliipata karibu sana na 1. Lakini fanya hivyo hivyo kwa pendulamu: kipindi kinategemea urefu na mvutano wa dunia, masi inajitoa yenyewe kwa sababu hakuna kingine chenye M cha kuifuta, na unabaki na √(l/g). Kwa pendulamu ya meta moja hiyo ni sekunde 0.32. Saa inasema 2.0. C hapa ni 2π, na umekosea mara sita.

Bahati ya pili si bahati, ni ujuzi: orodha ya vitu vilivyoingia. Mbona shinikizo la hewa ya kawaida halikuingizwa? Kwa sababu ndani ya milisekunde 25 shinikizo la mlipuko ni kubwa mno kiasi kwamba la hewa halionekani. Subiri hadi wimbi lipoe, na fomula inakufa. Dimensheni haikukuambia hilo. Ukisahau kitu cha maana, bado itakupa jibu safi lenye vizio sahihi, la uongo.

## Vitu viwili, jina moja

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza: dimensheni kwa fomula, vizio kwa namba, uangalifu kwa sifuri. Halafu kuna N·m.

Niutoni-meta ni jouli. Niutoni-meta ni pia kipimo cha nguvu ya kukaza nati kwa spana. Nishati na nguvu ya kuzungusha zina dimensheni moja na vizio vile vile, na ni vitu viwili tofauti. Ndiyo sababu tumekubaliana kutoandika jouli kwenye spana. Hezi na bekereli zote ni "moja kwa sekunde", na kwa bekereli tunahesabu viini vinavyovunjika.

Hii ina madhara ya kweli. Mota ina nguvu ya kuzungusha N·m 200, mizunguko 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde. Wati zinazotoka ni ngapi? 200 × 50 = wati 10,000. Vizio safi, N·m/s, wati. Na ni kosa. Fomula inataka radiani kwa sekunde, 314, na jibu ni wati 62,800. Radiani haina dimensheni, mzunguko hauna dimensheni, na ile 2π ikapita katikati yao bila kuonwa na mtu.

Dawa yake ni kuviandika hata hivyo. Andika "mzunguko/s" na "radiani/s" kama vizio kamili, na 2π radiani/mzunguko kama sehemu ya moja. Waliotunga mfumo wa vizio hawatakufunga. Kwenye programu ya kompyuta, ingiza kizio ndani ya jina la kigeu: `kasi_rad_s`, `mafuta_kg`, `msukumo_N_s`. Kwenye jedwali, kizio kikae kwenye kichwa cha safu, kisiachwe kwenye kumbukumbu ya aliyelijaza. Lile faili la Mirihi lilikuwa na maelezo ya vizio kwenye waraka wa makubaliano. Namba zenyewe zilisafiri tupu.

## Miligramu ya nini?

Bado kuna aina moja ambayo sijaipatia komeo zuri.

Naitreti kwenye maji ya kunywa hupimwa kwa miligramu kwa lita. Kuna maabara zinazopima uzito wa ioni nzima ya naitreti, NO₃, yenye 62 kwa vizio vya uzito wa atomi. Nyingine huhesabu naitrojeni iliyomo tu, 14. Uwiano ni 4.43, karibu sawa na ule wa Mirihi, kwa sadfa tupu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita kama naitreti, ambayo ni kama 11 ikihesabiwa kama naitrojeni. Kikomo cha Marekani ni 10, kama naitrojeni. Mtu akisoma 50 na 10 bila maneno yale madogo anadhani nchi moja ni kali mara tano kuliko dunia.

Hapa dimensheni ni moja. Kizio ni kimoja. Sifuri ni moja. Kilichobadilika ni *kitu* kilichowekwa kwenye mizani, na hicho hakina herufi ya kukata. Wanakemia wazoefu huandika "mg NO₃/L" au "mg N/L" na kukataa kukata mg na mg mpaka vitu viwe vimoja, kama vile kilo na ratili zilivyopaswa kukataana. Ni ufumbuzi mzuri, mradi aliyeandika karatasi ya majibu naye aujue.

Karatasi ya majibu ikisema "Naitreti: 30 mg/L" na kuishia hapo, maji hayo ama yako chini ya kikomo cha 50, ama yana 133.